Bia ya Mpishi

Rafiki yangu mmoja anafungua baa ndogo mjini Kahama, si mbali na stendi. Hataki iwe grosari kama nyingine, yenye kreti zilizopangwa ukutani na spika mlangoni. Anataka kuuza bia za wapikaji wadogo na mvinyo wa Dodoma, watu wakae, wanywe taratibu, wakijua wanachokunywa kimetoka wapi. Mwandika mabango alipotaka maneno ya kuandika, rafiki yangu akanipigia simu. "Kaka, hii wanayoiita craft beer sisi tuiiteje? Sitaki kuandika Kizungu mbele ya watu wangu." Nilidhani ni jibu la dakika moja. Limenichukua wiki tatu.

Istilahi haitafsiriwi kwa kutazama neno, hutafsiriwa kwa kutazama kitu. Na kitu chenyewe kina historia fupi. Huko Marekani viwanda vikubwa vilikuwa vimemeza vidogo, bia ikawa na ladha moja kutoka pwani hadi pwani. Mwaka 1965 Fritz Maytag alinunua kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilichokuwa kinakaribia kufungwa. Mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha New Albion huko Sonoma, California, kwa vyombo vya kuokoteza, vingine vya kazi ya maziwa. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatia saini sheria iliyomruhusu mtu kupika bia nyumbani kwake kwa matumizi yake, na kutoka jikoni humo wakazaliwa wapikaji wengi wa baadaye.

Leo chama chao, Brewers Association, kinamtambua mpikaji wa namna hiyo hasa kwa udogo na uhuru. Uhuru maana yake kampuni kubwa ya vileo isimiliki robo ya kiwanda chake au zaidi. Udogo maana yake asizalishe zaidi ya mapipa milioni 6 kwa mwaka. Pipa la kwao ni lita 117 hivi, kwa hiyo "mdogo" wao anaweza kufika lita milioni 700. Ukikileta kipimo hicho Kahama, halipo tone la bia litakaloitwa kubwa. Ndiyo maana nililikataa mapema wazo la kuandika "bia ya kiwanda kidogo". Udogo si kiini cha jambo.

Nikajaribu mengine. "Bia ya ufundi" ndiyo tafsiri ya kwanza inayokuja kichwani, lakini kwetu ufundi ni spana, randa na cherehani, na msomaji ataona gereji kabla ya kuona glasi. "Bia ya kisanii" ni hatari zaidi. Zamani usanii ulikuwa sifa, siku hizi mtu akisema "huo ni usanii" anasema umemdanganya. Nani atanunua bia ya kisanii? "Bia ya mkono" ilinivutia kwa siku mbili, kisha nikaona haisemi mkono wa nani.

Likabaki "pombe ya kienyeji", na hapa nilikaa muda mrefu kwa sababu panauma. Kuku wa kienyeji ni sifa. Bei yake iko juu, na mgeni wa heshima ndiye anayechinjiwa. Lakini neno hilohilo likihamia kwenye kinywaji linakuwa dharau. Chanzo ni cha kikoloni. Bia ya chupa ilikuja na Mzungu: kampuni ya Kenya ilianza mwaka 1922, ya Tanganyika mwaka 1933, na jina "bia" likafuata chupa. Kilichopikwa na mama zetu kikabaki kuwa "pombe" tu, kikapangiwa sehemu yake, kilabu. Hata baada ya Uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 iliendelea kukiweka kwenye fungu lake peke yake. Dhahabu ilipoleta mishahara huku, mgodi wa Bulyanhulu mwaka 2001 na wa Buzwagi mwaka 2009, aliyepata fedha alionyesha amezipata kwa kuhama kilabu na kwenda baa. Kwa huku Kanda ya Ziwa hata bia ya kiwandani ilitafuta undugu na mkulima: Balimi maana yake ni wakulima. Mkulima aliwekwa kwenye lebo, pombe yake ikaachwa kilabuni.

Basi nikaenda kilabuni, kimoja kilichoko nje kidogo ya mji. Ilikuwa alasiri.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu mwenyeji kwa Kisukuma, mayu yaani mama.

"Mwadila. Karibu ukae, mwanangu."

Sijamaliza kukaa akaingia mzee mmoja, akasimama mlangoni bila kutafuta benchi, akauliza, "Leo kapika nani?" Alipotajiwa jina, ndipo akaketi.

Swali hilo ndilo lililonipa istilahi. Kwenye baa mhudumu anakuuliza "ya moto au ya baridi?" kwa sababu halipo lingine la kuuliza, sifa ya kiwanda kikubwa ni kwamba chupa ya leo ifanane na ya mwaka jana. Kilabuni ladha ina mwenyewe. Huyu pombe yake ni nzito, yule huiwahi kabla haijachacha sana, mwingine kimea chake hukausha vizuri. Mnywaji anamfuata mpishi, siku yake ikifika. Maytag na McAuliffe walikuwa wanatafuta njia ya kurudi kwenye swali la mzee yule.

Na Kiswahili kilikuwa kimeshalijua jambo hili, kwenye vitenzi. Tembo la mnazi na ulanzi wa Iringa hugemwa. Mvinyo hukamuliwa na kusindikwa. Pombe ya nafaka hupikwa. Hatusemi imezalishwa wala imetengenezwa, tunasema imepikwa, na kinachopikwa lazima kiwe na mpishi.

Nilimwomba mayu anionyeshe kazi. Mtama huloweshwa usiku kucha, hutandazwa na kufunikwa kwa gunia bichi, na baada ya siku mbili tatu huchipua. Huanikwa ukakauka, ukasagwa. Hicho ndicho kimea, neno lililotoka kwenye kumea, na hatukuazima kwa mtu. Kiwanda cha bia ya shayiri hufanya hivyohivyo. Punje inapoota hujitengenezea vimeng'enya, na vimeng'enya ndivyo hugeuza wanga kuwa sukari ambayo baadaye hamira huila na kutoa kileo na povu. Kazi hiyo huenda vizuri kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70. Ukizidisha moto, vimeng'enya hufa na uji unabaki uji. Mayu hana kipimajoto. Huchovya kidole, na namna anavyokiondoa ndiyo kipimo chake. Mbege ya Uchagani hutegemea kimea cha ulezi kwa sababu hiyohiyo, ingawa ndani yake mna ndizi.

Kwa hiyo nimeamua: bia ya mpishi.

Mtu atasema gongo nayo hupikwa. Kweli, na ndiyo maana siandiki "pombe ya mpishi". Gongo hukenekwa kwa mvuke, haina kimea cha kuitambulisha, na aliyeipika hataki kutajwa. Bia ni kinywaji cha nafaka iliyomea, kikaumuliwa kwa hamira, basi. Kwa maana hiyo ya mtama ni bia sawasawa na ya shayiri, na nataka neno liseme hivyo waziwazi. Wanzuki, ambayo jina lake limebeba nzuki, yaani nyuki, kwa Kisukuma na Kinyamwezi, ni kinywaji cha asali. Hiyo ibaki na jina lake, linatosha.

Upande wa mvinyo sikuhangaika. Mvinyo tumelipata kwa Wareno, divai limekaa zaidi kanisani, na dompo ni la mtaani kwa mvinyo wa Dodoma wa bei nafuu. Mvinyo hauna mpishi, una shamba, na Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Andika jina la kijiji na msimu wa mavuno, mnywaji atajifunza mwenyewe.

Rafiki yangu, bango lako liandikwe BIA YA MPISHI, herufi kubwa. Chini yake acha ubao mtupu na chaki, na kila siku kabla hujafungua mlango, andika jina la aliyepika.