Uso wa Nyumba ya Kiswahili: Baraza, Upenu na Udongo wa Ulaya

Katika maandishi yahusuyo ujenzi wa mwambao wa Afrika Mashariki, majumba ya mawe ya Lamu, Mombasa, Kilwa na Mji Mkongwe wa Zanzibar yamepewa kurasa nyingi, pamoja na milango yake ya nakshi, ilhali nyumba ndogo ya udongo na makuti, ambamo wakazi wengi wa miji hiyohiyo waliishi, imetajwa kwa kupita tu. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliueleza mji huo kuwa umejengwa kwa miti na kuezekwa kwa majani, na ingawa Msikiti Mkuu wa mawe ulikuwa umekwisha kusimama wakati huo, maelezo yake yanaeleweka kwa kuwa mji wa mawe ulizungukwa na makazi ya udongo. Uchimbaji wa mambo ya kale uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha kwamba misikiti na nyumba za mwanzo kabisa za mahali hapo zilikuwa za miti na udongo, na kwamba mawe yalifuata baadaye. Kwa hiyo ni kosa kuiona nyumba ndogo ya udongo kuwa mwigo dhaifu wa jumba la mawe, maana yenyewe ndiyo iliyotangulia, na sura yake ya nje ina mantiki yake.

Nyumba inayojulikana katika miji ya Tanzania kwa jina la nyumba ya Kiswahili ni ya mstatili, uso wake umeelekea njia, mlango uko katikati, na kutoka mlangoni kuna ukumbi mwembamba unaopita hadi uani, ukiwa na vyumba viwili au vitatu kila upande. Kuta zake zilijengwa kwa nguzo za mikoko zilizochimbiwa ardhini, ambazo zilifungwa fito kwa kamba ndani na nje, kisha nafasi iliyobaki ikajazwa mawe madogo na kukandikwa udongo, na ukuta wa namna hiyo ndio unaoitwa kiambaza. Juu ya nguzo ulilazwa mtambaapanya, yaani mti wa mlalo unaobeba paa. Juu yake zikapandishwa kombamoyo, ambazo ni miti ya mteremko, na juu ya kombamoyo zikafungwa pau za kushikilia makuti. Makuti yenyewe yalikuwa ya viungo, maana yake majani ya mnazi yaliyokunjwa na kushonwa katika kijiti kimoja kimoja, nayo yalipangwa kwa kupandana kuanzia chini kwenda juu. Paa la makuti halifai kulala sana, kwa kuwa maji yasipoteremka upesi hupenya na kuozesha majani, na mteremko huo mkali ndio uliolifanya lishuke mbali kupita ukuta na kufanya upenu mpana, ambao uliukinga udongo na mvua na kuweka kivuli mbele ya nyumba karibu mchana kutwa.

Chini ya upenu huo palikuwa na baraza, ambayo ndiyo sehemu yenye maana kubwa kuliko zote katika uso wa nyumba hii. Kwa umbo ni benchi la udongo au mawe lililojengwa kushikamana na ukuta wa mbele, kushoto na kulia kwa mlango, kimo chake kikitosha mtu kukaa na kuweka miguu chini. Kwa upande wa ujenzi, baraza iliimarisha kitako cha ukuta na kukizuia kisiliwe na maji yanayoruka kutoka ardhini, mahali ambapo kiambaza huanza kubomoka kabla ya pengine popote. Kwa upande wa maisha, ilimwezesha mwenye nyumba kupokea wageni bila kuwaingiza ndani, hivi kwamba heshima ya watu wa nyumbani ilihifadhiwa na mgeni naye hakuachwa amesimama juani. Barazani palinywewa kahawa, palichezwa bao, mashauri ya ndoa na ya misiba yalizungumzwa hapo, na asubuhi mama mwenye nyumba aliweza kuuza vitumbua vyake hapohapo. Majumba ya mawe ya Lamu yana daka, yaani kipenu cha kuingilia chenye baraza mbili zinazotazamana, na ingawa vifaa ni tofauti kabisa, kazi ni ileile. Ni vigumu kutaja kitu kingine cha ujenzi wa Waswahili kilichofanya kazi nyingi namna hii kwa gharama ndogo.

Urembo wa nje wa nyumba ndogo ulikuwa wa kiasi. Mlango wa mbao ulikuwa wa pande mbili, wenye miimo, vizingiti, na mfaa, ambao ni ubao wa katikati unaofunika pengo la mbao mbili zinapokutana, na nakshi, pale zilipokuwepo, zilikuwa chache. Ukuta wa mwenye uwezo ulipakwa chokaa, ambayo ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuyamwagia maji mpaka yakawa unga laini. Chokaa iliakisi jua na kuupoza ukuta, lakini faida yake kubwa zaidi ni kwamba iliuacha ukuta upumue, maana unyevu uliopanda kutoka ardhini uliweza kutoka nje na kukauka, na kila chokaa ilipochakaa ilipakwa upya bila kubomoa kitu. Sehemu ya chini ya ukuta, ambako migongo ya watu huegemea na matope hurukia, mara nyingi ilipakwa rangi iliyokoza, desturi ambayo bado inaonekana Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam.

Mabadiliko makubwa ya uso huu yalianza katika miji ya ukoloni, na Dar es Salaam inaonyesha jambo hilo waziwazi. Katika miaka ya 1920 utawala wa Uingereza uliugawa mji katika kanda tatu za ujenzi, ya tatu, ambayo Kariakoo ilikuwa kitovu chake, ikiwa ya nyumba za Waafrika, ambako vifaa visivyo vya kudumu viliruhusiwa. Mtu aliyemiliki kiwanja kwa kibali cha muda mfupi hakuwa na sababu ya kutia mali nyingi katika kuta, na hivyo sera ya ardhi ilichangia udhaifu wa nyumba ambao watawala walipenda kuuhesabu kuwa tabia ya wajenzi. Hata hivyo watu hawakukaa kimya. Madebe ya mafuta ya taa yalipasuliwa, yakanyooshwa na kupigiliwa misumari juu ya paa badala ya makuti, na baada ya madebe yakaja mabati. J. A. K. Leslie, ofisa wa serikali aliyeuchunguza mji huo katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1963, aliikuta nyumba ya Kiswahili ikiwa pia kitega uchumi, kwa kuwa mwenye nyumba aliishi chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki.

Saruji ilikuja kwa wingi baada ya kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kuanza uzalishaji mwaka 1954 na kile cha Wazo Hill, kaskazini mwa Dar es Salaam, mwaka 1966. Watu waliiita udongo wa Ulaya, na Mwalimu Nyerere, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha iliyotolewa mwaka 1977, alisikitishwa na watu waliokataa matofali ya kuchoma na vigae wakingojea saruji na bati. Wakati huohuo Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba nyingi za udongo na kujenga za matofali ya saruji mahali pake, na jina la mtaa wa Magomeni Makuti limebaki ilhali makuti yenyewe yametoweka.

Bati lilimaliza hofu ya moto na kazi ya kuezeka upya kila baada ya miaka michache, na hilo halipaswi kudharauliwa. Lakini bati huweza kulala, na kila futi inayopita ukuta ni pesa, kwa hiyo upenu ulifupishwa mpaka katika nyumba nyingi ukabaki ukingo tu, na baraza iliyojengwa upya kwa saruji ikawa inachomwa na jua saa za mchana. Tangu miaka ya 1980, biashara iliporuhusiwa zaidi, chumba cha mbele kiligeuzwa fremu, yaani chumba cha duka chenye mlango wa barabarani, na baraza ikavunjwa kupisha wateja. Kisha zikaja grili za madirisha, uzio wa matofali na geti, na katika miaka ya karibuni paa la kuficha, ambalo bati lake hulala nyuma ya ukuta mfupi uliopandishwa kuizunguka nyumba. Mtindo huu wa mwisho unapendeza kwenye picha, ila hauna upenu wowote. Kuta hunyeshewa moja kwa moja, na mfereji uliofichwa ukizibwa na majani, maji hurudi ndani.

Ukarabati wa nyumba kongwe una hatari yake ya pekee. Lipu ya saruji ikipigwa juu ya kiambaza hupasuka na kubanduka, kwa sababu udongo huvimba na kusinyaa ilhali saruji haimfuati mwenzake, na ikipigwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa hufungia unyevu ndani hadi vichwa vya boriti za mikoko vinaoza pasipo mtu kuona. Ndiyo maana mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliyoundwa mwaka 1985, inasisitiza chokaa. Kanuni hiyo inazihusu vilevile nyumba ndogo za Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani, ambazo hazina ulinzi kama huo na ambazo kila mwaka hupigwa saruji kwa nia njema.

Anayekusudia kuitengeneza nyumba ya namna hii, au kujenga ndogo mpya katika kiwanja kifinyu, na amwambie fundi aanze na upenu wa futi tatu au zaidi, kisha baraza chini yake, kabla ya kuulizia bei ya geti; vyote viwili kwa pamoja hugharimu kidogo kuliko uzio, na mafundi wanaojua kuvijenga bado wapo.