Picha 153 za Kusalia

Katika picha ya usiku wa Noeli zimetawanywa herufi ndogo. A iko juu ya mji wa Bethlehemu. D iko penye mtoto aliyelazwa chini, juu ya majani makavu. G ni nuru inayotoka kwa mtoto mwenyewe na kulifukuza giza. Chini ya picha kila herufi ina maelezo yake ya Kilatini, na anayesali hutazama, husoma, hutulia, kisha huhamia herufi inayofuata.

Picha hiyo imo katika *Evangelicae Historiae Imagines*, kitabu kilichotolewa Antwerpen mwaka 1593, zama za Baroki zikiwa zinabisha hodi. Kina picha 153 za Injili, idadi ileile ya samaki walionaswa na wavu wa Petro katika Yohana 21.

Chanzo cha kitabu hicho ni Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Alifundisha kwamba kabla ya kutafakari, mtu apaone mahali kwa macho ya moyo: barabara ya kwenda Bethlehemu ina urefu gani, pango ni pana au jembamba. Si kila novisi, yaani mwanafunzi mpya wa shirika, aliweza. Ndipo akamwagiza Jerónimo Nadal, padri kutoka Majorca, atengeneze kitabu cha kuwasaidia.

Nadal alifariki mwaka 1580 bila kukiona kimechapwa. Picha zilichongwa kwenye shaba, nayo shaba ilikuwa ghali na kazi yenyewe ni ya subira: fundi huchimba mistari kwenye bamba kwa chuma chenye ncha kali, hupaka wino, hufuta juu ili wino ubaki mferejini tu, kisha hulikandamiza bamba kwenye karatasi yenye unyevu. Hodari wa kazi hiyo walikuwa ndugu watatu wa ukoo wa Wierix. Mchapaji Christophe Plantin alilalamika kwamba aliyewataka alilazimika kuwafuata vilabuni na kuwalipia madeni. Lakini mikono yao! Vivuli vyao vina kina ambacho mchongo wa mbao haukukifikia.

Kwamba kazi hii ilitoka Antwerpen ni jambo la kushangaza. Ni mji huohuo ambako Agosti 1566 umati wa Waprotestanti uliingia makanisani na kuvunja sanamu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ulikuwa umezitetea picha takatifu mwaka 1563, na Wajesuiti wakajibu nyundo kwa karatasi, kitu ambacho mtu angeweza kusafiri nacho.

Nacho kilisafiri. Mwaka 1605 Mjesuiti Matteo Ricci aliandika kutoka Beijing akikiomba, kwani picha ziliweka mbele ya macho ya Wachina yale ambayo maneno yalishindwa kuyaeleza. Mwaka 1637, huko Fujian, China, Mjesuiti mwenzake Giulio Aleni alitoa kitabu chake cha maisha ya Yesu, picha nyingi zikiwa zimenakiliwa kutoka kwa Nadal na kuchongwa upya kwenye mbao. Herufi A, B, C zilibadilishwa kwa alama za Kichina, ili msomaji wa huko naye ajue aanzie wapi kutazama.