Marejesho ya Fedha za Mafuta kwa Madereva wa Usambazaji: Umuhimu wa Bei Kikomo na Stakabadhi

Dereva anayesambaza bidhaa kwa pikipiki au gari dogo mara nyingi hununua mafuta kwa fedha zake, kisha hurejeshewa na mwajiri mwishoni mwa wiki au mwezi. Kwa muda huo dereva huwa amemkopesha mwajiri wake, jambo ambalo mikataba mingi hailitaji.

Nchini Tanzania, bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) na huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Bei hizo hutofautiana kwa kuzingatia bandari yalikopokelewa mafuta, iwe Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, pamoja na gharama za kuyasafirisha hadi eneo husika. Kwa sababu hiyo, kiwango kilichopangwa kwa bei ya Dar es Salaam hakiwezi kumtosha dereva wa Kigoma. Bei ya kila eneo hupatikana kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Tuchukulie dereva wa pikipiki anayetumia lita 3 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, yaani lita 78. Bei ikipanda kwa shilingi 200 kwa lita na kiwango cha marejesho kisibadilishwe, dereva atatoa shilingi 15,600 mfukoni mwake. Bei ikishuka, hasara humgeukia mwajiri. Ni vyema basi malipo yakafuata kilomita zilizosafiriwa, zikiwemo za kurudi bila mzigo ambazo husahauliwa mno, na kiwango kikahuishwa kila bei mpya inapotangazwa.

Dereva anapaswa kudai stakabadhi ya kielektroniki inayoonesha jina la kituo, tarehe, aina ya mafuta, bei kwa lita na kiasi alichonunua. Stakabadhi hiyo ina uzito pia katika kodi: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, malipo yanayorejesha tu gharama halisi za kazi hayahesabiwi kuwa kipato cha mwajiriwa, ilhali posho ya jumla isiyo na vielelezo yaweza kukatwa kodi pamoja na mshahara. Aidha, kituo kikiuza kwa bei inayozidi bei kikomo, stakabadhi hiyo ndiyo kielelezo cha kuambatisha kwenye malalamiko yatakayowasilishwa EWURA.