Mkwaju Hakufika Dodoma

Mwaka 1994 shangazi yangu alitoka Dodoma akaja kututembelea Turiani. Jioni tukiwa barazani akapita jirani, dereva wa malori ya miwa, akasalimia kwa bashasha mno. Mama akanong'ona: "Wifi, kaa naye mbali huyo. Mkwaju huyo!"

Shangazi akadhani ni habari za mti. "Mkwaju? Kwani ana uchachu gani?"

Sisi watoto tukacheka mpaka tukafukuzwa. Mtu mzima, mwenye redio yake, asimjue Mkwaju!

Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Televisheni Bara haikuwepo. ITV ilianza 1994, na kwetu ilikuwa hadithi ya wasafiri. Redio ndiyo ilikuwa sinema. Mkwaju ni dereva wa lori, mlevi, mke nyumbani na wapenzi njiani kote. Mkewe, Tunu, anavumilia, anavumilia, mwisho anamwacha na kuanza biashara ndogo alishe wanawe. Mkwaju anapata UKIMWI, na ni Tunu huyohuyo anayerudi kumuuguza mpaka anakufa. Sasa fikiria mchezo huo unasikilizwa Turiani, penye kiwanda cha sukari cha Mtibwa, madereva na vibarua wa miwa kila kona. Ati mchezo! Baba mmoja pale kwetu alikuwa akibanwa na haja ndogo kila Tunu alipoanza kusema.

Nilikuja kujua ukubwani kwa nini Shangazi hakumjua. Mtindo ule ulitoka Mexico, kwa Miguel Sabido, aliyeingiza uzazi wa mpango ndani ya tamthilia ya kifamilia ya televisheni, Acompáñame, mwaka 1977. Weka mtu wa kuigwa, weka mtu wa kuogopwa, na katikati yao weka anayeyumba kama mimi na wewe. Huku kwetu watafiti wakataka ushahidi kwamba dawa hiyo inatibu. Basi tangu 1993 hadi 1995, saa ya mchezo, kituo cha Dodoma kikarusha vipindi vingine, ili wasiosikia walinganishwe na waliosikia. Kulikosikika, wanawake walioolewa wanaotumia uzazi wa mpango waliongezeka, Dodoma hawakuongezeka. Mwaka 1995 Dodoma nao wakafunguliwa.

Hesabu yenyewe naielewa. Bila kulinganisha ungejuaje? Na mchezo usiothibitishwa nani angeulipia? Lakini miaka ile watu walikuwa wanazikwa, jamani, na miaka miwili ni mingi. Nilipomweleza Shangazi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kumbe sisi tulikuwa wa kupimia?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Ila kuna kitu ambacho watafiti wasingeweza kukizuia: basi la Dodoma. Usiku ule wa 1994 Mama alimsimulia wifi yake mchezo mzima tangu mwanzo, akiigiza sauti zote, na ulevi wa Mkwaju aliupatia kupita kiasi. Shangazi alitaka kujua jambo moja tu, tena alilirudia: Tunu alipata wapi mtaji?

Alirudi Dodoma na habari zote kichwani, akazimwaga kisimani. Wenzake, anasema, walimhurumia sana. Walidhani Tunu ni ndugu yake.