Tunguu Lililokwenda Ulaya Likarudi

Wasomaji wetu wa Lubumbashi wanalijua vizuri ua lile refu lenye majani kama panga, ambalo maua yake hujipanga juu ya bua moja, jekundu, jeupe au la manjano. Laonekana altareni, laonekana arusini, laonekana makaburini. Kwa Kifaransa huitwa glaïeul. Wataalamu huliita kwa Kilatini gladiolus, maana yake upanga mdogo. Sisi hapa tutaliita gladiola.

Wengi hudhani ya kuwa gladiola ni ua la Wazungu, lililoletwa pamoja na nyumba zao na bustani zao. Kumbe sivyo. Ukoo wake ni wa Afrika. Lilichukuliwa huku, likapelekwa Ulaya, likabadilishwa huko, ndipo likarudi kwetu likiwa na bei. Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui: tunguu moja la gladiola laweza kukatwa kwa kisu likawa mawili au matatu, na kila kipande kikaota. Mambo hayo mawili, safari ya ua na kazi ya kisu, ni habari moja. Tuieleze.

Ua la porini kwetu

Duniani kuna aina zaidi ya 250 za gladiola, na zilizo nyingi kabisa ni za Afrika. Ulaya na nchi za jirani zake zina chache tu. Mojawapo ya aina za kwetu, ambayo wataalamu huiita Gladiolus dalenii, imeenea mahali pengi sana: tangu Afrika ya Kusini mpaka Ethiopia, na huko magharibi pia. Hapa Katanga huota katika pori la miombo. Maua yake mara nyingi ni ya rangi ya moto iliyochanganyika na manjano, na petali ya juu imeinama mbele kama kofia.

Yafaa tujiulize: ua laini kama hili huishije mahali ambapo kila kiangazi moto hupita na kuteketeza majani yote? Siri iko chini ya udongo. Mvua zinapokwisha, majani hukauka, na uzima wote wa mmea hushuka katika tunguu. Huko hulala miezi mingi bila maji. Moto hupita juu, tunguu halina habari. Mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zikinyesha, laamka na kuchipua. Wazee wa kusini mwa Kongo walilijua tunguu hilo kuwa ni chakula pia. Walilichemsha na kulilowesha kabla ya kulila.

Kazi ya watunza bustani wa Ubelgiji

Mwanzoni mwa karne ya 19, meli zilizozunguka Afrika kwa biashara zilichukua pia mimea. Matunguu ya gladiola hii yalifika Ulaya kutoka kusini mwa Afrika. Jina la dalenii lenyewe ni kumbukumbu ya Cornelius Dalen, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya Rotterdam, katika Uholanzi.

Huko Ubelgiji, katika mji wa Enghien, Mtawala wa Arenberg alikuwa na bustani kubwa, na mtunza bustani wake aliitwa Beddinghaus. Mtu huyo alichukua vumbi la ua la gladiola moja akalitia katika ua la gladiola nyingine, nayo ya Afrika ya Kusini. Mbegu zilizopatikana akazipanda. Kati ya miche iliyoota akapata ua kubwa na lenye nguvu kuliko wazazi wake. Mwaka 1841, Louis van Houtte, mfanya biashara wa mimea wa mji wa Gent, akaanza kuliuza. Akaliita gandavensis, maana yake la Gent. Gladiola nyingi kubwa za bustani zilizopo leo duniani zina damu ya ua hilo.

Tukumbuke miaka. Mwaka 1841 Ubelgiji ilikuwa imejitawala miaka 11 tu, na nchi ya Kongo haikuwa mikononi mwake. Ilikuja kuwa koloni lake mwaka 1908. Hivyo ua la Kiafrika lilikuwa limekwisha kupewa jina la mji wa Kibelgiji kabla mji wa Elisabethville haujafikiriwa na mtu ye yote.

Daraja na reli

Safari ya pili ya gladiola yaukaribia zaidi mji wetu. Mwaka 1905 lilifunguliwa daraja la reli juu ya mto Zambezi, karibu na maporomoko ambayo wenyeji huyaita Mosi-oa-Tunya, na Waingereza Victoria. Mahali pale maji hurukia juu kama moshi, na mvuke wake hunyesha mchana na usiku. Katika unyevu ule iliota gladiola ya manjano safi. Petali yake ya juu imefunika katikati ya ua kama mwamvuli, maji yasiingie. Francis Fox, mmoja wa mainjinia wa daraja lile, alipeleka matunguu yake Uingereza. Watunza bustani wa Ulaya wakaichanganya na zile kubwa za ukoo wa Gent, wakapata maua mapya madogo, mepesi, yenye rangi za manjano na za machungwa ambazo hazikuwako kwanza. Wataalamu wa siku hizi huihesabu ile ya manjano kuwa ni Gladiolus dalenii tu, ndugu wa ile ya pori letu.

Na reli ile iliyovuka daraja haikusimama pale. Iliendelea kaskazini, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, mji ambao tangu mwaka 1966 huitwa Lubumbashi. Njia ile moja ilitoa shaba na kuleta vitu vya Ulaya. Mji ukajengwa, bustani zikalimwa, na maua ya Ulaya yakapandwa mbele ya nyumba za wakubwa. Hivyo mtu aliyepalilia gladiola katika bustani ya mjini alikuwa akimtunza mjukuu, na mwisho wa juma alipokwenda porini alimkanyaga babu asimtambue.

Mbegu na kisu

Sasa twafika kwenye kisu. Yawezekanaje ua moja aliloliona Beddinghaus katika bustani moja lienee duniani kote? Si kwa mbegu. Mbegu ni kama mtoto: hufanana na baba na mama, lakini si baba wala si mama. Ukipanda mbegu 100 za gladiola nzuri, utapata maua ya namna nyingi, na labda hata moja halitakuwa sawa na lile ulilolipenda. Bali kipande cha tunguu si mtoto. Ni mmea ule ule, umeendelea mahali pengine.

Jambo hili si geni kwetu. Mama zetu hawapandi muhogo kwa mbegu. Hukata miti ya muhogo vipande, kila kipande kina macho yake, wakavichomeka katika udongo. Muhogo wenyewe ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16, ukaenea Kongo nzima kwa njia hiyo ya kukatwa na kugawanywa, jirani akimpa jirani. Hakuna aliyekuwa maskini kwa kumpa mwenzake mti wa muhogo.

Gladiola yenyewe huongezeka polepole hata bila kisu. Kila mwaka tunguu jipya hufanyika juu ya lile la zamani, na la zamani hunywea. Kando yake huonekana vijitunguu vidogo kama punje. Hivyo vyaweza kupandwa, lakini mara nyingi huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kutoa maua. Asiyetaka kungoja hivyo hutumia kisu.

Namna ya kulikata tunguu

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijakolea, chagua tunguu nene, gumu, lisilo na doa. Limenye maganda makavu. Utaona juu yake macho, yamejipanga katika mstari mmoja. Chini utaona kitako cha mviringo ambapo mizizi hutokea. Sheria ni moja tu: kila kipande lazima kiwe na jicho lake na sehemu yake ya kitako. Kwa hiyo kata kutoka juu kwenda chini, kamwe usikate kwa upana. Kipande chenye jicho bila kitako hukosa mizizi. Chenye kitako bila jicho hakitachipua. Tunguu kubwa latosha kwa vipande viwili au vitatu. Ukilikata zaidi, kila kipande kitakuwa na chakula kidogo mno.

Kisu kiwe kikali na safi. Kipitishe katika moto, kisha kiache kipoe. Ukitoka tunguu moja kwenda jingine, kisafishe tena. Vipande vipakwe unga wa makala mahali palipokatwa, kisha viachwe kivulini siku moja au mbili mpaka jeraha likauke. Ndipo vipandwe, jicho likitazama juu, katika udongo usiotuama maji. Mvua zikiisha na majani yakiwa ya manjano, chimbua, kausha, na weka mahali pakavu penye hewa mpaka mwaka ujao.

Lakini si kila mmea wenye tunguu hukatwa namna hiyo. Tunguu la amarilisi ni la maganda-maganda kama kitunguu cha jikoni. Hilo hukatwa kama chungwa, vipande vinane au zaidi, kila kimoja na kitako chake, vikawekwa katika mchanga wenye unyevu kidogo. Baada ya majuma kadhaa vijitunguu huonekana kati ya maganda, lakini maua yake hungojwa miaka. Waholanzi wa mji wa Haarlem walikuwa na ufundi kama huo tangu karne ya 18 kwa ua liitwalo hiasinti: walilichanja tunguu chini kwa mfano wa msalaba, nalo likazaa vitoto katika majeraha yake. Na yule mmea wa porini utambaao, wenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, uitwao Gloriosa, una kiazi chenye jicho kwenye ncha tu. Ukikikata katikati, sehemu isiyo na ncha haina jicho. Tena kiazi hicho ni sumu ya kuua. Kisiachwe mahali watoto wanapocheza, wala kisikatwe kwa kisu cha jikoni.

Hatari ya kisu

Tumesema kipande ni mmea ule ule. Basi tukumbuke ya kuwa ugonjwa nao ni ule ule. Historia yatufundisha hayo mara mbili.

Huko Uholanzi, mpaka mwanzo wa mwaka 1637, watu walinunua matunguu ya tulipu kwa fedha za ajabu. Yaliyotafutwa kuliko yote ni yale yenye maua ya michirizi, kana kwamba yamechorwa kwa brashi. Februari ya mwaka ule bei ikaanguka ghafula. Lakini sababu ya michirizi ile haikujulikana mpaka karibu miaka 300 baadaye, ndipo mwaka 1928 Dorothy Cayley, katika Uingereza, alipoonyesha kwamba ni ugonjwa unaopita kutoka tunguu hata tunguu. Uzuri ule ulikuwa ni homa ya ua, na kila tunguu lililozaliwa na lile lenye ugonjwa liliurithi na kudhoofika.

Na kwetu, muhogo wenye majani yaliyokunjamana na kutiwa madoa ya manjano ni jambo hilo hilo. Ugonjwa huo uliandikwa kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Nzi wadogo weupe huueneza, lakini mwenye kukata miti kutoka shamba gonjwa huueneza naye kwa mkono wake, akidhani anampa jirani chakula. Kwa hiyo mtu wa gladiola afanye kama mkulima mwenye busara: mmea wenye majani ya madoa au ua lililopinda asiukate kabisa. Auchome moto.

Kilichobaki porini

Kisu huongeza, lakini hakiumbi. Vipande 1,000 vya tunguu moja ni ua moja tu. Beddinghaus hakuweza kutengeneza kitu bila maua ya mwituni ya Afrika, na wale waliopata rangi mpya baadaye walizipata katika mvuke wa Mosi-oa-Tunya. Hazina ya kweli iko porini, maana kila ua la porini lililoota kwa mbegu ni jipya.

Na pori letu lapungua. Miombo ya kandokando ya Lubumbashi hukatwa kwa makala. Vilima vya shaba, ambavyo Paul Duvigneaud na Denaeyer-De Smet walieleza mimea yake mwaka 1963, vina maua yaliyozoea udongo wenye shaba nyingi ambao huua mimea mingine, na kati yake zimo gladiola. Kilima kikichimbwa chote, ua lisilo na kwao kwingine halina pa kukimbilia.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: anayetaka maua ya kanisa au ya nyumba yake asiende kung'oa matunguu ya porini. Tunguu moja la bustani, lenye afya, latosha. Likate Oktoba hii, panda vipande, na mwakani mpe jirani kimoja. Lile la porini liache mahali pake, litoe mbegu.