Jimbo la Kivu ya Kaskazini na Swali la Mwenyeji

Jimbo la Kivu ya Kaskazini limeundwa mara mbili: mwaka 1962, na tena mwaka 1988, kwani mwaka 1966 lilirudishwa ndani ya Kivu moja. Hoja ya kujitawala ilikuwa nzito, maana Kinshasa ni mbali mno na malisho ya Masisi na madini ya bati ya Walikale. Hata hivyo, kila mara utawala uliposogea karibu, lilizuka swali: mwenyeji ni nani? Wabelgiji ndio waliolipanda. Kuanzia 1937 walihamishia Masisi Wanyarwanda, wakawapa utawala wao wa Gishari, kisha wakaufuta mwaka 1957. Vita vya Kanyarwanda vilianza 1963, jimbo likiwa bado changa. Machi 1993 mauaji yalianzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Wahunde na Wanyanga upande mmoja, Wanyarwanda upande wa pili. Wala Kinshasa haiwezi kujitoa lawamani, kwa kuwa sheria yake ya 1981 iliwavua wengi uraia. Katiba ya 2006 iliyaahidi majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na hapo hoja ya kujitawala haina ubishi: bati la Walikale lingetengeneza barabara ya Walikale.