Inveta au Kigeuzi? Historia ya Jina la Chombo Kimoja cha Umeme

Miongoni mwa maneno yanayowafikia wafasiri, yapo yale ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana hayana taabu. Mfasiri huchukua kitenzi, hukipachika ki- mwanzoni na -i mwishoni, na istilahi huwa imezaliwa. Makala haya yanahusu istilahi moja ya namna hiyo, ambayo mwandishi aliipitisha kwa mkono wake mwenyewe na baadaye akaijutia. Nayo ni jina la chombo kinachopokea umeme wa betri na kuutoa katika hali inayoweza kuendesha friji, feni au televisheni ya kawaida. Ili kosa lenyewe lieleweke, hatuna budi kwanza kuitazama historia ya chombo hicho, kwani jina lake la kigeni limebeba wazo ambalo mfasiri asipolijua hupotea njia.

Mikondo miwili

Umeme hutumika katika hali mbili. Katika mkondo mnyofu, umeme huenda upande mmoja tu, kama maji ya mfereji; huo ndio umeme wa betri na wa paneli za sola. Katika mkondo geu, umeme huenda na kurudi mara nyingi katika kila sekunde: mara 50 katika Afrika Mashariki na Ulaya, na mara 60 katika Marekani. Kituo cha Thomas Edison kilichofunguliwa New York mwaka 1882 kilitoa mkondo mnyofu. Mkondo huo haukuweza kupelekwa mbali bila hasara kubwa, kwa sababu wakati ule hapakuwa na njia nyepesi ya kupandisha na kushusha volti zake. Mkondo geu, kwa upande wake, ulipandishwa na kushushwa kwa transfoma. Kwa sababu hiyo kampuni ya George Westinghouse, iliyopata haki ya kutumia hataza za Nikola Tesla za mwaka 1888, ilishinda katika mashindano hayo. Maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893 yalimulikwa kwa mkondo geu, na vyombo vingi vya nyumbani vikaja kutengenezwa kwa kuutegemea.

Hata hivyo mkondo mnyofu haukufa. Ulibaki ndani ya betri, na kwa hiyo ndani ya magari. Magari mengi ya Marekani yalitumia betri za volti 6 hadi katikati ya miaka ya 1950, kisha yakahamia volti 12. Hivyo nyumba ikafuata mkondo mmoja, na gari likafuata mwingine.

Jina na wazo lake

Zilihitajika njia za kuvuka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine. Vyombo vya mwanzo vilikuwa mashine nzito zilizozunguka. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alionyesha chombo cha zebaki, kisicho na sehemu ya kuzunguka, chenye kugeuza mkondo geu kuwa mnyofu. Kwa Kiingereza vyombo vya kazi hiyo hubeba jina lenye maana ya kunyosha. Mwaka 1925 David Prince, mhandisi wa General Electric, aliandika katika jarida la kampuni hiyo jinsi saketi ya kunyosha inavyoweza kupinduliwa ili iingizwe mkondo mnyofu na itoe mkondo geu. Makala yake aliipa kichwa cha neno moja tu, ambalo kwa Kiswahili lingekuwa sawa na "kipinduzi". Kilichopinduliwa katika jina hilo, basi, ni kazi ya chombo kilichotangulia. Asiyekijua chombo cha kwanza hawezi kuelewa kwa nini cha pili kiliitwa hivyo.

Mataifa mengine yalikitazama chombo hicho kwa macho mengine. Wafaransa hukiita "onduleur", jina litokanalo na neno lao la wimbi: kwao ni kifanya mawimbi. Wajerumani hukiita "Wechselrichter", jina lililoundwa sambamba na lile la chombo cha kunyosha, kwa kubadili sehemu ya kwanza tu. Chombo ni kimoja, lakini mawazo ni matatu. Jambo hili linatuhusu, kwa kuwa fundi wa Lubumbashi au Bujumbura aliyesoma kwa Kifaransa huja na wazo la wimbi, na fundi wa Mwanza au Nakuru huja na neno la Kiingereza, ingawa wote wawili huzungumza Kiswahili na wateja wao.

Chombo chenyewe kiliendelea kupungua ukubwa. Katika miaka ya 1930 redio za magari zilipata volti zake kubwa kwa msaada wa ulimi mdogo wa chuma uliotetema, ukiukata na kuuunga mkondo wa betri mara nyingi kwa sekunde. Transista ilipatikana mwaka 1947 katika maabara za Bell. Mwaka 1957 General Electric ilitoa thairista, swichi ya silikoni iwezayo kumudu mikondo mikubwa. Katika maabara zile zile za Bell, mwaka 1954, ilionyeshwa seli ya jua ya silikoni iliyogeuza takribani asilimia 6 ya nuru kuwa umeme. Njia ya kutoka jua hadi friji ikawa imefunguka, ijapokuwa kwa gharama ambayo mtu wa kawaida hakuiweza kwa miaka mingi.

Gari-nyumba

Mahali ambapo historia hizi zote hukutana ni katika gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na maji ndani yake. Magari hayo yalienea sana Marekani baada ya kampuni ya Winnebago kuanza kuyatengeneza katika jimbo la Iowa mwaka 1966. Gari la namna hiyo ni gari na papo hapo ni nyumba. Kwa hiyo taa zake hutumia volti 12 za mkondo mnyofu, na vyombo vyake vya nyumbani hutumia volti 120 za mkondo geu. Likiegeshwa penye umeme wa gridi, kipo kisanduku kinachopokea mkondo geu na kuifanyia betri chaji. Likiwa porini, kipo kisanduku kingine kinachofanya kazi ya kinyume chake, kwa kutumia umeme ambao paneli za sola zimeuweka betrini. Kwa Kiingereza cha Marekani majina ya visanduku hivyo viwili yanafanana mno kwa sauti, na hapo ndipo mwandishi alipojikwaa.

Kosa la ofisini

Taasisi moja ilikuwa imepata gari-nyumba kutoka Marekani kwa kazi ya kliniki ya kuzunguka vijijini, pamoja na kitabu chake cha maelezo. Tafsiri ya kitabu hicho ililetwa mezani pa mwandishi ili ipitiwe. Mfasiri alikuwa ameviita visanduku vyote viwili "kigeuzi". Mwandishi aliona kwamba vyote viwili hugeuza mkondo, akapiga muhuri.

Baada ya miezi michache alikuja ofisini fundi mmoja, mtu mzima aliyemzidi mwandishi umri kwa mbali. Baada ya shikamoo na marahaba alikifungua kitabu, akaweka kidole chini ya sentensi moja. "Mwanangu," alisema, "hapa umeniambia nizime kigeuzi kila ninapowasha kigeuzi. Nianze na kipi?"

Halikuwa jambo la kucheka. Friji la dawa katika gari lile lilikuwa likizimika kila usiku wa manane. Inveta ililia, kisha ikajizima. Taasisi iliamini kwamba imeharibika, ikanunua nyingine, na usiku uliofuata mambo yakawa yale yale. Dawa zilizoharibiwa na joto zilitupwa, na wagonjwa waliozisubiri kijijini waliambiwa warudi wiki nyingine.

Fundi alieleza alivyolitafuta kosa. Hakuanza na inveta, ingawa ndiyo iliyokuwa ikilia. Alianza na betri, kwa kuwa chombo kinacholia mara nyingi ni kile kinachotoa habari za mwenzake. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takribani volti 12.7; ikifika 12.2 imebaki na nusu. Kisha alipima volti kwenye ncha za betri na kwenye ncha za inveta wakati friji likifanya kazi, ili aone kama waya unakula volti njiani. Hesabu yake ni nyepesi: wati 1000 kwa volti 120 ni takribani ampea 8, lakini wati hizo hizo kwa volti 12 ni zaidi ya ampea 80. Nati iliyolegea, ambayo upande wa nyumba isingeleta taabu mara moja, upande wa betri huweza kuiangusha inveta nzima. Nati zilikuwa zimekazwa na waya ulikuwa mnene. Betri ilijaa jioni, na alfajiri ilikuwa tupu.

Ndipo alipozima vyombo vyote kimoja kimoja, akabakiza inveta peke yake, na mita yake ikaendelea kuonyesha mkondo mkubwa ukitoka betrini. Aliufuata waya hadi akakikuta kile kisanduku cha chaji kimechomekwa kwenye soketi inayolishwa na inveta. Betri iliilisha inveta, inveta ikakilisha kisanduku, na kisanduku kikailisha betri ile ile. Ilikuwa ni kuchota maji kisimani kwa ndoo inayovuja na kuyamwaga humo humo. Ikiwa inveta hupitisha asilimia 90 na chaja asilimia 85, katika kila sehemu 100 zitokazo betrini hurudi 76 au 77 tu. Zilizobaki hupotea kama joto. Mchana paneli za sola zilifidia hasara hiyo, na kwa hiyo hakuna aliyeiona. Kitabu cha Kiingereza kilikuwa kimeonya juu ya jambo hilo waziwazi. Kitabu cha Kiswahili nacho kilikuwa kimeonya, lakini kwa sentensi isiyoweza kutiiwa na mtu yeyote.

Tulichojifunza

Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba lugha yenye vitenzi vingi na viambishi vingi haina sababu ya kukopa. Hoja yao ni ya heshima, na mwandishi alilelewa katika hoja hiyo. Lakini mzizi geuz- ni mpana mno. Transfoma hugeuza volti. Kisanduku cha chaji hugeuza mkondo. Inveta nayo hugeuza. Neno linalovifaa vyombo vyote vitatu haliwezi kumwonyesha fundi ni kipi azime. Kipinduzi nacho, ijapokuwa ni tafsiri aminifu ya wazo la mwaka 1925, hakimwambii kitu msomaji asiyejua kilichopinduliwa.

Wakati huo huo karakana na maduka ya sola yamekwisha kuamua. Humo husemwa inveta, na husemwa chaja, na hakuna anayevichanganya viwili hivyo. Kwa hiyo mwandishi anapendekeza kwamba inveta likubaliwe kuwa istilahi, na fasili yake iwe: chombo kinachogeuza mkondo mnyofu kuwa mkondo geu. Kigeuzi kibaki kuwa jina la jumla la jamii nzima ya vyombo hivyo. Kisanduku cha pili kiitwe chaja, kwa kuwa ndiyo kazi anayoiona mtumiaji.

Kwa upande wa majina ya hitilafu, hali ni kinyume. Huko vitenzi vyetu vinatosha na kuzidi. Inveta huzidiwa, hupata volti pungufu, hupata joto, hujizima. Tahadhari ni moja tu: yasiandikwe maneno kama "umeme wa chini" kwa maana ya volti pungufu, maana fundi atakwenda kuutafuta waya wa ardhini, wala "mzigo umezidi" bila kutaja vyombo, maana dereva atashusha mabegi.

Kitabu kile kimesahihishwa. Ile sentensi sasa inasomeka: "Zima chaja kila unapowasha inveta." Kabla haijapigwa muhuri alisomewa fundi yule, naye aliulizwa angefanya nini. Alijibu bila kusita, na jibu lake lilikuwa sahihi. Ni vema kila istilahi ya ufundi ipitie mtihani wa namna hiyo kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa.